Mifuko ya Saruji Tuliihesabu



Wapendwa wasomaji, Jumanne iliyopita, baada ya Misa ya asubuhi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kigango chetu kimojawapo alinifuata sakristia, daftari lake likiwa kwapani. Alikuja na habari njema: mchanga umekwisha kufika, kokoto zipo, na mafundi wako tayari kumwaga zege la jamvi Jumamosi ijayo. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo lililosahaulika, "Baba Paroko, tunaomba utangaze na watoto wa mafundisho waje. Wao ni wengi, kazi itakwenda upesi."

Nilimwomba anipe siku mbili nifikiri. Niliona usoni pake kwamba jibu hilo lilimshangaza, na hakukosea kushangaa. Ombi lake si geni kwetu. Makanisa mengi ya vigango niyajuayo yamesimama kwa tofali zilizopanda mlima vichwani mwa watoto, na mzee yeyote wa jumuiya atakuonyesha kwa fahari ukuta alioubebea mawe akiwa darasa la tatu. Mimi mwenyewe ni mmoja wa watoto hao. Lakini kuna jambo lililonipata mwaka 2014, ambalo sijapata kuliandika katika ukurasa huu, na ambalo tangu Jumanne limekataa kuniacha. Nimeona vema juma hili nilieleze.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si miongoni mwa wale wanaodhani kuwa mtoto hapaswi kuonekana mahali pa kazi. Nimekulia karakanani. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na tangu nikiwa na miaka sita nilishinda naye huko siku ambazo hazikuwa za shule, nikinusa mninga na kuokota randa za kuwashia moto. Huko ndiko nilikojifunza kupima kabla ya kukata, kusalimia wateja na kunyamaza wakubwa wanapopatana bei. Hakuna darasa la seminari lililonipa mafunzo hayo. Lakini karakana ile ilikuwa na mstari. Baba aliuchora kwa chokaa sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye meza ya msumeno, na alipoona umefutika aliuchora upya kabla hajaanza kazi. Nikiuvuka, msumeno ulisimama. Hakunipiga wala kunikaripia. Aliweka chombo chini, akaningoja nirudi, kisha akaendelea. Siku alizokuwa na kazi nyingi hata asiweze kuniangalia, aliniambia tu, "Leo baki na mama yako," nami nilibaki nikilia. Wakati ule niliona ananinyima.

Sasa nije kwenye mwaka 2014. Nilikuwa paroko kijana katika parokia nyingine, na tulikuwa tukijenga kanisa la kigango lililoko mbali na barabara kubwa. Fedha zilikuwa chache na masika yalikaribia. Jumapili moja nilisimama baada ya Komunyo nikatangaza kwamba Jumamosi ifuatayo ni siku ya kumwaga jamvi, na kwamba wanajumuiya wote waje, na watoto wa Utoto Mtakatifu pamoja na wale wa Komunyo ya Kwanza wasikose. Nakumbuka nilitania kidogo, nikasema kuwa mtoto atakayekosa nitamwuliza maswali magumu ya katekisimu. Watu walicheka.

Walikuja kwelikweli. Waliofanya kazi za ujenzi wanaujua msemo wa mafundi, "Zege halilali." Likisha kuchanganywa halingoji kesho, na anayelianza sharti alimalize. Basi tulilianza saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni tulikuwa bado tunalisukuma. Mwanzoni watoto walichota maji. Mchana, wakubwa walipochoka, makarai yakaanza kushuka mikononi mwa wadogo. Na baadaye, kwa kuwa hapakuwa na mtambo wa kushindilia, fundi mmoja akawaambia waingie walikanyage zege kwa miguu, kwenye pembe ambazo mbao hazikufika. Waliingia wakiimba. Miguu ilikuwa mitupu, wengine walipiga magoti kusawazisha kwa viganja. Nilivutiwa mno na tendo lile. Nilichukua kamera yangu ndogo nikawapiga picha, na picha hiyo niliiweka katika barua niliyowaandikia wafadhili, nikieleza jinsi watoto wetu wanavyoipenda nyumba ya Bwana.

Jumapili iliyofuata mvulana mmoja wa miaka tisa hakuonekana. Sitataja jina lake, nitamwita mvulana tu. Jumatatu katekista aliniambia kwamba hawezi kutembea, nikapanda pikipiki nikaenda. Aliishi na bibi yake, mama mzee ambaye Misa ya kwanza ya Jumapili haikuwahi kuanza kabla yeye hajaketi katika benchi lake. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba, baba, karibu," kisha akafunua shuka. Alikuwa amempaka mafuta ya kupikia, juu yake majivu. Chini ya majivu yale, magotini na katika nyayo, ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi yenye kijivu, na sehemu nyingine ilikuwa imekwisha kuachia.

Sikuelewa. Hapakuwa na moto pale, wala maji ya moto. Niliuliza kama alianguka jikoni. Mtoto alitikisa kichwa. Ndipo bibi yake akasema maneno ambayo hayana hasira hata kidogo, na kwa sababu hiyo nimeshindwa kuyasahau: "Alirudi jioni akisema miguu inawasha. Kazi ile sikuipenda, baba. Lakini umewaita wewe. Ningemkatazaje?"

Tulimpeleka kwenye zahanati, na mtawa mwuguzi aliyetupokea alijua mara moja. Alinieleza jambo ambalo mimi, mwenye miaka mingi ya falsafa na teolojia, na niliyekwisha kujenga makanisa mawili, sikulijua. Saruji ikichanganywa na maji huwa na ukali wa namna ya magadi makali sana. Inaunguza, lakini inaunguza polepole, na mwanzoni haiumi. Mtu anaweza kusimama ndani yake saa nyingi asihisi kitu zaidi ya mwasho, na hapo anapohisi maumivu ngozi imekwisha kuharibika. Fundi mzoefu huvaa buti za mpira si kwa ajili ya matope. Na aliyeguswa na zege bichi anapaswa kuvuliwa nguo zilizolowa na kuoshwa kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda mrefu, dakika ishirini au zaidi, kabla ya kitu kingine chochote. Mafuta na majivu hayasaidii, nayo huongeza madhara. Kama mojawapo ya haya ni geni kwako msomaji, tafadhali lisome tena, kwa maana nyumba zinajengwa kila mahali na watoto hucheza kila mahali.

Mtawa yule alipomaliza kumfunga vidonda aliniuliza, bila kuinua macho, watoto waliokuwa ndani ya zege walikuwa wangapi, ili watafutwe wengine walioungua. Nilimjibu kuwa walikuwa thelathini. Labda arobaini. Akaniuliza ni akina nani. Sikuweza kumpa majina hata kumi. Akauliza nani alikuwa akiwaangalia. Nikasema tulikuwa wote pale.

"Saruji ilikuwa mifuko mingapi?" akauliza.

Hilo nililijua. Tulikuwa na daftari la stoo, na katika daftari hilo kila mfuko uliotoka uliandikwa, saa uliyotoka, na sahihi ya aliyeupokea, maana mwaka uliotangulia tuliibiwa. Nilimtajia hesabu yote, na nilipokuwa nikiitaja nilisikia ninachokisema.

Wapendwa, tunao usemi wa wahenga kwamba mkono mmoja haulei mwana, nami nimeuhubiri mara nyingi. Ni usemi wa kweli. Lakini siku ile tulikuwa na mikono zaidi ya mia katika kiwanja kimoja, mikono ya watu wema, wazazi wenyewe wakiwemo, na hapakuwa na hata mmoja uliojua kuwa zamu ni yake. Mama wa mtoto alidhani katekista yupo. Katekista alidhani mafundi wanajua kipi kina hatari. Fundi aliyewaambia waingie alidhani kwamba, kwa kuwa Padre anapiga picha, basi Padre ameridhia. Naye Padre hakudhani lolote. Alikuwa akipiga picha. Mtoto aliye mahali pa kazi anahitaji mtu mzima mmoja, mwenye jina, ambaye kwa saa zile hana kazi nyingine yoyote. Baba yangu alilijua hilo bila kusoma popote: alipokuwa hawezi kuwa mtu huyo, alinirudisha kwa mama.

Mvulana alilazwa hospitali ya wilaya kwa majuma matatu. Watoto wengine wanne tuliwapata na majeraha madogo.

Baadaye niliisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nilipaswa kuisoma kabla. Sheria hiyo inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, na hata huyo wa miaka 14 ni kwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumzuia shule. Kisha inataja kazi za hatari ambazo mtoto haruhusiwi kabisa, na humo zimo uchimbaji wa madini na mawe, kazi za mahali penye mitambo, na ubebaji wa mizigo mizito. Ningeweza kujitetea kwamba mimi sikumwajiri mtu, kwamba zile zilikuwa kazi za kujitolea. Nilijaribu utetezi huo moyoni kwa muda. Lakini ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na ndoo hiyohiyo ikijazwa zege hukaribia kilo 48, na uzito huo haubadiliki kwa sababu aliyeubeba hakulipwa. Tena mwajiri mtoto anaweza kumkimbia. Paroko je? "Umewaita wewe. Ningemkatazaje?"

Katika majuma yale nilirudi pia kwa Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye tulimsoma seminarini kama mtu wa michezo na furaha. Nilikuwa nimesahau alikoanzia. Vijana wengi wa kwanza aliowakusanya Torino, tangu mwaka 1841, walikuwa watoto waliotoka mashambani kuja kuwa saidia fundi, wakipandisha tofali na chokaa katika majukwaa ya ujenzi. Hakungoja waje kwake Jumapili. Siku za juma alikwenda kuwatazama pale pale kazini, akaongea na mabwana zao. Na baadaye akafanya jambo ambalo kwa wakati wake lilikuwa la ajabu: aliandika mikataba. Mmoja wa Februari 1852 umehifadhiwa mpaka leo, wa kijana aliyekuwa akijifunza useremala kwa miaka miwili. Ndani yake bwana wa karakana anaahidi kumfundisha ufundi kwelikweli, kutompa kazi zisizohusiana na ufundi huo, kumwonya kwa upendo na kwa maneno tu, si kwa namna nyingine, na kumwachia siku za sikukuu. Don Bosco naye alitia sahihi yake. Nimeitafakari sana sahihi ile. Angeweza kumwombea kijana na kumbariki, akaishia hapo. Aliona kwamba baraka haimzuii bwana wa karakana kuinua fimbo jioni, akaweka jina lake kwenye karatasi ili ajulikane ni nani atakayekuja kuuliza. Miaka 39 baadaye, mwaka 1891, Baba Mtakatifu Leo XIII alipoandika Rerum Novarum, alionya watoto wasiingizwe viwandani kabla miili na akili zao hazijakomaa.

Naomba nitoke kidogo kiwanjani pa kanisa, maana jambo hili liko katika kila nyumba. Ni mtoto gani wa kijiji chetu asiyetumwa mashine ya kusaga? Hupewa debe la mahindi saa tisa alasiri, hukuta foleni, husogea karibu na injini kwa kuwa pana joto, na mkanda ule mrefu unapita bila kifuniko, kiasi cha mkono kutoka kwenye kanga ya msichana. Nimeingia katika mashine nne za parokia hii tangu Jumanne. Moja tu ina wavu juu ya mkanda. Mwenye nayo, mzee wetu wa jumuiya, aliniambia aliutengeneza mwenyewe kwa nondo na waya wa kuku, na kwamba watoto wanaosubiri amewawekea benchi nje, upande ambao yeye anawaona kupitia dirishani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mkanda mpya. Mama lishe naye anayekuja na mtoto mgongoni hana pa kumwacha, na sitamlaumu. Ila karai la mafuta ya moto linaweza kukaa upande wa ukuta badala ya upande wa njia.

Liko jambo la mwisho ambalo ni zito kulisema, na nisingependa kulipita kimya kwa kuwa mimi ni padre. Siku ile ya 2014, mtawa aliniambia tena jambo jingine. Alikuwa amepita kiwanjani mchana akaona wasichana wawili au watatu wakitumwa mara kwa mara stoo, mmoja mmoja, kuchukua misumari na kamba, na mlango wa stoo ukijifunga wenyewe kwa sababu ya upepo. Ndani mlikuwa na mlinzi. Sisemi kwamba kulitokea ovu lolote. Tuliuliza kwa upole, na hakuna aliyesema neno. Nasema kwamba kama lingetokea, tulikuwa tumelitengenezea nafasi sisi wenyewe. Machi ya mwaka huohuo hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa ameunda Tume ya Kipapa ya Kuwalinda Watoto, nami nilisoma habari ile kama mtu asomaye mambo ya nchi za mbali. Tumejifunza kwa aibu kubwa, sisi wa Kanisa, kwamba mtu anayeheshimiwa ndiye asiyeulizwa. Kwa hiyo msishangae mkiona kwamba hata mimi siketi na mtoto peke yetu katika chumba kilichofungwa, na kwamba ofisi yangu ina kioo mlangoni. Mlinzi wa stoo asichukie kuwekewa kanuni hiyohiyo.

Mvulana yule sasa ni kijana wa makamo ya miaka ishirini na moja. Nilimwona mwaka jana nilipokwenda kule kwa ajili ya mazishi. Bibi yake ndiye aliyefariki. Anatembea vizuri, makovu yapo. Baada ya maziko alinisogelea akanisalimia, tukazungumza habari za marehemu, kisha akaniuliza kama picha ile bado ninayo. Alikuwa ameiona miaka mingi iliyopita, katika kalenda ambayo wafadhili walituletea, ikiwa na yeye mbele kabisa, anacheka. Nilimwambia ninayo. Akaomba nakala. Nikamwuliza anaitakia nini, akasema bibi yake hakuwahi kupigwa picha vizuri, na katika picha ile anaonekana nyuma, kwa mbali, amesimama kando ya ndoo za maji. Mimi nilikuwa nimeitazama picha hiyo mara nyingi sana, nikiona miguu ya watoto tu. Sikuwa nimemwona mama yule. Alikuwa amekuja. Alikuwa amesimama pale akimtazama mjukuu wake, na hakuona kuwa anayo ruhusa ya kumtoa.

Alhamisi nilimpa mwenyekiti jibu langu, na tulibishana kwa saa nzima, kwa heshima. Yeye anahofia kwamba watoto wasioshiriki kujenga kanisa hawatalipenda. Ana hoja, nami sikuikataa. Tulikubaliana kwamba watoto waje Jumamosi, wale wenye miaka kumi na zaidi, na kila mmoja aje na ruhusa ya mzazi iliyotolewa kwa katekista mapema, si kwa tangazo langu la kanisani. Hawatagusa saruji wala kukaribia mtambo. Watamwagilia miche ya miti kuzunguka uwanja, watapeleka maji ya kunywa kwa mafundi katika vyombo vidogo, na wataondoka saa sita mchana, zege likilala au lisilale. Majina yao yataandikwa wanapofika na wanapoondoka, katika daftari la stoo, ukurasa unaotazamana na ule wa saruji. Stoo itabaki bila mlango siku hiyo. Fundi ameahidi kuung'oa bawaba Ijumaa.

Ilibaki kumpata mtu. Nilipouliza nani atakayewaangalia watoto, wanakamati walisema kwa pamoja, "Tutakuwepo wote, Baba." Nikaomba jina moja. Walitazamana kwa muda. Mwishowe mama mmoja wa WAWATA, mwalimu mstaafu, alisema atafanya, kwa sharti kwamba asiitwe kupika siku hiyo wala kuhesabu michango. Ameomba vitu viwili tu: filimbi, na kiti mahali penye kivuli panapoonekana pande zote.

Kiti nimekwisha kukipata. Filimbi naitafuta, na mwenye nayo anaombwa ailete ofisini kabla ya Ijumaa.